Sura ya Sita: Karani wa Herufi Tatu

Harusi ya Jumamosi huacha masufuria ya kuoshwa, maturubai ya kukunjwa na picha. Masufuria na maturubai yana wenyewe. Picha humfuata mpiga picha hadi studio, na ikifika Jumatatu asubuhi zimejazana katika folda moja ya kompyuta: DSC_0001, DSC_0002, DSC_0003, mpaka mia nane na ushee. Bibi harusi anataka orodha. Familia mbili zitakaa sebuleni, zitatazama picha kwenye televisheni, na kila itakayokubaliwa itawekewa alama mbele ya namba yake. Kwa hiyo orodha iwe na jina la kila picha, ukubwa wake na saa ilipopigwa, za kanisani zisije zikachanganyika na za ukumbini.

Kazi hiyo humwangukia kijana wa studio. Anachukua kaunta buku, anapiga mistari kwa rula, anaanza kunakili jina moja baada ya jingine. Nusu saa baadaye yuko kwenye picha ya sitini, na jicho limeshaanza kuruka mistari.

Kijana mwingine, aliyewahi kukaa karibu na fundi kompyuta, angefanya vingine. Angefungua folda ya picha, angebofya kile kisanduku cha juu kinachoonyesha mahali folda ilipo, angefuta kilichomo, angeandika cmd na kubonyeza Enter. Dirisha jeusi lingefunguka, naye angeandika humo mstari mmoja:

dir /b > orodha.txt

Kufumba na kufumbua, faili jipya limeingia kwenye folda, na ndani yake mna majina yote, kila moja kwenye mstari wake. Hakuna lililorukwa. Ila akiteremka hadi chini, baada ya picha ya mwisho, atakuta jina ambalo si la picha: orodha.txt. Orodha imejiandika ndani ya orodha.

Wengi wakiliona hilo hucheka, wakalifuta, kazi ikaendelea. Lakini jina hilo moja la ziada linafichua namna kompyuta inavyoweka kumbukumbu za vitu vyake, na ukilifuatilia linakufikisha mbali: kwenye flashi inayokataa filamu, kwenye mafaili yanayofufuka baada ya kufutwa, na kwenye virusi vilivyoitikisa dunia mwaka 2000.

Rejista na kabati

Neno folda, pamoja na ile picha yake ya bahasha ya manjano, limetuzoesha kuona boksi. Tunadhani mafaili yamo ndani, na kwamba kuyaorodhesha ni kuchungulia na kuhesabu. Dhana hiyo ilishika mizizi tangu Windows 95, toleo ambamo Microsoft walilisogeza kando neno la zamani la kiufundi, lile ambalo wafasiri wa Kiswahili huliita saraka, wakaweka folda mahali pake. Kwenye diski yenyewe hakuna boksi lolote.

Kilichopo kinafanana zaidi na masjala. Aliyewahi kufuatilia kiwanja au mafao ya marehemu baba yake katika ofisi ya umma anaijua: kaunta ya mbao, karani nyuma yake, na rejista kubwa iliyochakaa pembe. Ukitaja jina, karani hakimbilii makabati. Anafungua rejista, anateremsha kidole, anasoma: namba ya jalada, tarehe lilipofunguliwa, kabati lilimo. Majalada yenyewe yako chumba cha pili, mengine rafuni, mengine sakafuni. Karani anaweza kukusomea rejista nzima kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho bila kugusa jalada hata moja.

Amri ya dir ndiye karani huyo. Picha mia nane za MB 5 kila moja ni kama GB 4 za data, na kuzifungua zote kungeichukua kompyuta muda wa kunywa chai. Dir haifungui hata moja. Inasoma rejista, basi.

Hapo ndipo kitendawili cha orodha iliyojiorodhesha kinapoteguka. Alama ya > haimhusu karani. Ni agizo kwa cmd.exe, programu inayoliendesha lile dirisha jeusi. Cmd husoma mstari mzima, na kabla ya kumwita karani hufungua kwanza faili la kupokea majibu yake. Faili likifunguliwa, linasajiliwa. Karani anapoanza kusoma, orodha.txt limeshaingia kwenye rejista, naye husoma alichokikuta. Kijana akirudia kazi ile katika folda nyingine kwa kutumia dir bila /b, ambayo huonyesha hadi ukubwa, ataupata ushahidi: mbele ya orodha.txt pameandikwa 0. Dakika hiyo jalada limeshafunguliwa na halina hata karatasi.

Kwenye diski za mfumo wa FAT, ambao mpaka leo umo katika flashi na kadi nyingi za kamera, mstari mmoja wa rejista una baiti 32 kamili. Katika umbo lake la zamani zilipangwa hivi: 8 za jina, 3 za kile kipande kinachofuata nukta, 1 ya sifa za faili, 10 za akiba, 2 za saa, 2 za tarehe, 2 za kuonyesha faili linaanzia wapi kwenye diski, na 4 za ukubwa.

Hesabu hizo zinamgusa hata asiyejua kama zipo. Baiti 4 haziwezi kuandika namba inayofika GB 4. Mtu anakwenda kuwekewa filamu ndefu, safi, kwenye flashi ya FAT32 yenye GB 30 tupu, anaambiwa faili ni kubwa mno. Anamtazama muuzaji kama tapeli. Nafasi kabatini ipo tele. Kinachokosekana ni upana wa safu ya kuandikia ukubwa kwenye rejista. Vivyo hivyo, baiti 2 za tarehe zinaanza kuhesabu mwaka 1980 na zitaishiwa mwaka 2107, na zile 2 za saa hazijui sekunde moja moja: zinahesabu mbili mbili.

Kufuta nako ni kazi ya rejista. Faili la FAT likifutwa, herufi ya kwanza ya jina lake hubadilishwa ikawa baiti yenye thamani ya E5, na nafasi lililoishika hutangazwa kuwa wazi. Yaliyomo hubaki palepale hadi faili jingine litakapokuja kuyakalia. Peter Norton alijipatia jina kwa kuitumia siri hiyo: programu zake za mwaka 1982 zilirudisha mafaili ambayo wenyewe walikuwa wameshayalilia. Mwaka 1991 MS-DOS 5.0 ilikuja na amri yake yenyewe ya kufufua, UNDELETE, nayo ilikuwa na swali moja la ajabu. Kwa kuwa herufi ya kwanza ilikuwa imepotea, ilimwonyesha mtu ?ARUA.TXT ikamwomba ataje herufi inayokosekana. Mwenye barua hakupata taabu. Mwenye ?ALI.TXT ilimbidi akumbuke kama lilikuwa MALI, HALI au WALI.

Alikotoka karani

Dir ni kifupi cha neno la Kiingereza la rejista ya namna hiyo, na umri wake unazidi wa kompyuta zote zilizoko madukani. Ilikuwemo katika mashine za kampuni ya DEC ya Marekani kabla ya kompyuta za mezani kuwapo. Gary Kildall, aliyezitumia mashine hizo, aliichukua alipotengeneza mfumo wake wa CP/M huko California mwaka 1974. Mwaka 1980 kijana wa miaka 24, Tim Paterson wa Seattle Computer Products, aliandika mfumo wa kuendeshea chipu mpya ya Intel 8086. Kwa kuwa alitaka programu za CP/M zihamishiwe kwake bila taabu, alibakiza mengi yaliyozoeleka huko, likiwemo jina la karani. Microsoft waliununua mfumo huo Julai 1981. Tarehe 12 Agosti mwaka huohuo IBM walizindua kompyuta yao ya PC, ikiendeshwa na mfumo huohuo kwa jina la PC DOS, na dir ikaingia maofisini.

Masjala ya mwanzo ilikuwa ndogo. Diski laini ya PC DOS ya kwanza ilibeba KB 160, na rejista yake ilikuwa na mistari 64 tu. Faili la 65 lilikataliwa hata kama nusu ya diski ilikuwa tupu. Folda ndani ya folda hazikuwapo. Zilikuja na DOS 2.0 mwezi Machi 1983, sambamba na IBM PC XT iliyokuwa na diski ngumu ya MB 10. Walipotafuta alama ya kutenganisha folda na folda, mkwaju wa kawaida ulikuwa umeshachukuliwa: ndio ule uliokuwa ukitangulia maagizo ya ziada, kama /w katika dir /w. Wakachukua ule unaolalia upande wa pili. Ndiyo sababu anwani ya Windows huandikwa C:\Picha ilhali anwani ya intaneti hutumia mkwaju wa kawaida, na watu wameendelea kuzichanganya mpaka leo.

Kompyuta ile ya kwanza haikuwa na betri ya saa. Kila ilipowashwa ilimuuliza mtu tarehe. Wenye haraka walibonyeza Enter wakapita, na mafaili yao yakasajiliwa kuwa yamezaliwa tarehe 1 Januari 1980. Dir iliyasoma hivyohivyo, bila kushangaa.

Kilichobaki kutoka enzi hizo kipo shingoni mwa mpiga picha wa harusi. Jina la herufi nane na kiambatisho cha herufi tatu lilikuwa sharti la DOS, na Windows 95 ililegeza sharti hilo kwa kuruhusu majina yenye hadi herufi 255. Lakini watengenezaji wa kamera za dijitali, walipokubaliana mwishoni mwa miaka ya 1990 juu ya kanuni moja ya kuhifadhi picha, iliyoandaliwa Japani na kuitwa DCF, walishika utaratibu wa zamani: alama nne, kisha tarakimu nne. DSC_0417. Hesabu, ni nane. Kiambatisho chake ni JPG, herufi tatu.

Kazi ya mkupuo

Mstari mmoja wa dir unatosha kwa harusi moja. Studio ina harusi kila wiki, kipaimara katikati, na mahafali ikifika Novemba. Hapo ndipo inapohitajika skripti, yaani faili la maagizo yaliyoandikwa mapema.

Kabla ya vioo na kibodi, kazi za kompyuta ziliandikwa kwenye kadi za kutoboa matundu. Mhudumu wa mashine alikusanya kadi za watu mbalimbali, akazipanga bunda moja na kuzilisha kwa pamoja. Hapakuwa na mazungumzo kati ya mtu na mashine. Ulichotaka kusema ulikiandika mapema, ukarudi baadaye kuchukua majibu. Kiswahili kilikuwa na neno la kazi ya namna hiyo tangu zamani: mkupuo. Herufi BAT zilizoko mwishoni mwa jina la skripti za Windows zina maana hiyohiyo. PC DOS ya kwanza ilikuwa nazo tayari, na maarufu kati yao, AUTOEXEC.BAT, ilijiendesha yenyewe kila kompyuta ilipowashwa.

Skripti ya studio inaandikwa kwenye Notepad na kuhifadhiwa ndani ya folda ya picha kwa jina la orodhesha.bat. Ina mistari mitatu:

@echo off
cd /d "%~dp0"
(for /f "delims=" %%F in ('dir /b /a-d /o:n *.jpg') do echo %%~nxF,%%~zF,%%~tF) > orodha.csv

Kwa mgeni huu ni mchanganyiko wa takataka. Ukiutazama kwa ukaribu, kila alama ina sababu, na nyingi zina kovu la ajali iliyompata mtu.

Mstari wa kwanza unaiambia cmd ifanye kazi kimya, isirudierudie kila agizo kabla ya kulitekeleza. Alama ya @ iliongezwa DOS 3.3 mwaka 1987, kwa kuwa kabla ya hapo agizo la kunyamaza lenyewe lilitangazwa kwa sauti.

Mstari wa pili unasema: nenda kwenye folda ambamo skripti hii imewekwa. Herufi d ni diski, p ni njia ya kufikia folda, na 0 ni skripti yenyewe. Bila mstari huo mambo huenda sawa mpaka siku mtu atakapoibofya kwa kitufe cha kulia na kuiendesha kwa mamlaka ya msimamizi. Siku hiyo cmd huanzia kwenye folda ya System32, moyoni mwa Windows, na orodha inayotoka haina picha hata moja ya bibi harusi.

Mstari wa tatu ndio kazi yenyewe. Ndani ya alama za kufungia nukuu yumo karani wetu: /b asome majina matupu, /a-d aache folda, /o:n apange kwa jina, *.jpg asome picha peke yake, na kwa hilo orodha.csv na skripti yenyewe hazitajitokeza tena kwenye orodha. Kila jina analolisoma linakabidhiwa kwa for, nayo inaliweka kwenye chombo kiitwacho %%F. Kisha echo inaandika vitu vitatu: jina kamili, ukubwa na tarehe pamoja na saa. Koma zinawekwa katikati ili Excel ijue safu inaanzia wapi.

Kwa nini asilimia mbili? Kwa sababu ndani ya skripti asilimia moja ina kazi nyingine: %1 ni neno la kwanza lililotolewa na anayeiita skripti, na %TEMP% ni jina la kitu kilichohifadhiwa na mfumo. Cmd inapousoma mstari wa skripti hula asilimia moja na kuacha moja. Anayenakili mstari huo na kuubandika moja kwa moja kwenye dirisha jeusi hupokelewa na ujumbe huu:

%%F was unexpected at this time.

Kwenye dirisha hakuliwi kitu, kwa hiyo huko inatosha %F moja. Watu wameutupa mstari uliokuwa sahihi kabisa kwa sababu ya tofauti hiyo.

Lile neno delims= lenye upande mtupu baada yake linaonekana kama mwandishi alisahau kumalizia. Hakusahau. Kwa kawaida for /f huukata mstari penye nafasi na kuchukua kipande cha kwanza tu. Picha iitwayo Asha na Juma.jpg ingerudi ikiwa Asha, na Juma angeachwa nje ya ndoa yake. Kuacha upande mtupu ni kusema: usikate popote.

Kuna mitego ambayo hata delims= haiiondoi. Kama skripti imewasha kile kinachoitwa upanuzi wa kuchelewa, alama ya mshangao inakuwa na kazi maalumu, na faili la Hongera!.jpg linapoteza mshangao wake njiani. Kompyuta inakwenda kutafuta Hongera.jpg na hailipati. Herufi zenye vikofia ni mtego mwingine. Kiswahili kimebahatika, hakina hata moja, hivyo majina yake hupita salama katika meza zote za herufi, za zamani na za sasa. Msemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi, ambaye ofisini anaandika Kifaransa, ameonja shida hiyo. Kwenye Windows ya Kifaransa dir huandika orodha kwa meza ya herufi namba 850, urithi wa DOS. Notepad ikilisoma faili hilo kwa meza ya Windows, relevé.pdf inageuka relev‚.pdf, kwa kuwa baiti ambayo kwenye meza ya kwanza ni é, kwenye meza ya pili ni alama inayofanana na koma. Dawa ya kawaida ni kutanguliza mstari wa chcp 65001, unaoihamisha cmd kwenye meza ya herufi za dunia nzima.

Mpangilio

Kama karani hajaambiwa apange vipi, anasoma rejista kama ilivyo, na rejista zinatofautiana. NTFS, mfumo wa diski kuu za Windows, huweka majina yakiwa yamepangwa tayari. FAT huyaweka kama yalivyoingia, na penye mstari ulioachwa na faili lililofutwa, mgeni anaweza kuketishwa hapohapo. Dereva aliyewahi kupanga nyimbo zake kwa majina kwenye kompyuta, kisha redio ya gari ikazipiga kwa fujo, amekutana na tofauti hiyo. Redio nyingi za namna hiyo hazipangi. Zinafuata mistari ya rejista ya flashi.

Hata /o:n ina mantiki yake. Inapanga maandishi, haipangi hesabu. Picha zilizopewa majina 1.jpg, 2.jpg hadi 12.jpg zitatoka hivi: 1, 10, 11, 12, 2, 3. Dirisha la kawaida la Windows lilianza kuzisoma tarakimu kama namba tangu Windows XP, lakini karani hajabadilika. Kamera inakwepa tatizo kwa zile sifuri za mbele, 0001, 0002. WhatsApp kwenye Android inalikwepa kwa ujanja wa kutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku: IMG-20240305-WA0007.jpg. Ukizipanga kwa jina, zimejipanga kwa tarehe. Mhasibu anayehifadhi ripoti zake kwa majina ya 05-03-2024 na 01-04-2024 atakuta Aprili imetangulia Machi.

Yaliyofichwa

Baiti moja ya sifa, katika zile 32, inaamua nani aonekane. Ikiwekewa alama ya kufichwa, dir ya kawaida huuruka mstari. Dir ikipewa /a, inasoma mistari yote.

Tarehe 4 Mei 2000, kutoka Manila huko Ufilipino, barua pepe zilianza kusambaa zikiwa na kichwa cha ILOVEYOU na faili lililoonekana kuwa maandishi matupu: LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT. Jina lake kamili lilikuwa na kipande kingine mwishoni, .vbs, yaani programu ya kuendeshwa. Windows ilikuwa na mazoea ya kuficha kipande cha mwisho ili kioo kipendeze, hivyo mamilioni ya watu waliona TXT wakabofya. Dir haina mazoea hayo. Ingelisoma jina lote hadi vbs. Virusi hivyo viliharibu picha za JPG kwa kuandika juu yake. Nyimbo za MP3 havikuziharibu: viliweka faili lake pembeni ya kila wimbo, na wimbo wenyewe vikauwekea alama ya kufichwa. Mwenye nyimbo aliona zimeyeyuka, kumbe zilikuwa zimesimama palepale.

Ujanja huohuo ulirudi Afrika Mashariki kupitia flashi. Wengi waliochapisha kazi zao za chuo kwenye steshenari ya karibu walikutana navyo: virusi vya shotikati. Flashi inachomekwa, na folda zote zimegeuka vialama vyenye mshale. Wengine walifomati flashi palepale, wakapoteza utafiti wa mwaka mzima. Fundi aliyejua alifungua dirisha jeusi, akaandika dir /a, na majina yote yakateremka kiooni kama kawaida. Kisha, kama flashi ilikuwa E:, akaandika:

attrib -h -s /s /d E:\*.*

Amri hiyo inafuta alama ya h ya kufichwa na s ya mfumo kwenye kila faili na kila folda. Kwa huduma hiyo ya sekunde kumi mwenye flashi alilipa bila kunung'unika.

Orodha inarudi

Studioni, orodhesha.bat imebofywa mara mbili. Dirisha jeusi limewaka na kuzima, na orodha.csv imefunguka kwenye Excel ikiwa na safu tatu. Picha za kanisani zinaishia saa nane na dakika kumi; za ukumbini zinaanza jioni. Kijana anachapisha kurasa zake, anazibana kwa pini, zinapelekwa kwa familia.

Siku nne baadaye majibu yanarudi kwa WhatsApp. Shangazi wa bibi harusi ndiye aliyekabidhiwa kuyakusanya, na ameandika picha themanini zilizopita, jina moja kila mstari. Kijana anayanakili kwenye faili la chaguo.txt, analiweka kwenye folda ya picha, na kando ya folda hiyo anafungua folda nyingine aliyoiita albamu. Kisha anaandika skripti ya pili, ambayo haimwiti karani kabisa. Orodha yenyewe inakuwa agizo:

@echo off
cd /d "%~dp0"
for /f "delims=" %%F in (chaguo.txt) do copy "%%F" "..\albamu\"
pause

Anaibofya. Mistari inateremka kiooni, yote inasema kitu kimoja: 1 file(s) copied. Karibu na mwisho mmoja unasema tofauti, kwamba faili lililotajwa halikuonekana. Folda ya albamu ina picha 79.

Kijana anailinganisha orodha na folda, jina kwa jina, mpaka anamfikia mkorofi. Anasogeza uso kwenye kioo. DSC_O417.JPG. Baada ya mstari wa chini, penye sifuri, shangazi ameandika herufi O. Anairekebisha, anaendesha skripti tena, sasa zimetimia themanini. Anaifungua hiyo 417 aone ni picha gani iliyomsumbua: ni shangazi mwenyewe katikati ya ukumbi, kitenge kiunoni, mikono juu, watu wamempisha.